Bima Haijatafuna Kahawa

Jesca na Adamu, mliniomba niandike machache kabla sijakabidhi funguo. Funguo nimeshakabidhi, na machache yamekuwa mengi, kwa sababu mtu aliyezoea kuongea tangu asubuhi hadi jioni akistaafu, maneno hayastaafu naye. Mke wangu ameshasikia vya kutosha, sasa ni zamu yenu. Someni polepole, mkiwa na chai.

Sitawaambia nilipanda cheo lini, maana kituoni kwetu cheo ni kimoja tu, msaidizi wa kisheria, na juu yake kuna paa la bati. Wala posho sitazihadithia. Nitawaambia kazi. Kwa yeyote mwingine atakayeokota karatasi hizi, kazi yenyewe ni hii: mtu akipatwa na jambo la kisheria na hajui aanzie wapi, anakuja kwetu Omurushaka. Tunamsikiliza, tunamweleza haki yake, na shauri likihitaji wakili tunamsaidia kumpata, kwa kuwa sisi wenyewe hatusimami mahakamani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yangu nimekuwa mshenga. Upande huu yuko mtu aliyevunjika mguu, upande ule yuko wakili, na mimi niko katikati natazama kama wanafaana.

Nilitoka dukani. Baba aliuza vitenge na kanzu hapa hapa Omurushaka, na babu yake alikuja kutoka Tanga akifuata biashara, akaoa huku, akasahau kurudi. Ndiyo maana, pamoja na kuzaliwa hapa na kuongea Kinyambo, mpaka leo watu wananiita Mswahili. Wateja walikuwa wanaleta barua zao za serikali niwasomee, nami nasoma huku napima kitambaa. Siku moja Ma Paskazia, muuguzi mstaafu aliyeanzisha kituo chetu, alikuja kununua kitambaa cha pazia. Alinisikiliza nikimweleza mzee mmoja barua yake ya shamba, kisha akasema, "Salimu, wewe unaongea sana. Njoo uongee mahali penye faida kwa watu." Baba aliniruhusu upesi mno. Nadhani alitaka duka lipate utulivu kidogo.

Siku ya kwanza alinipa koti la mvua, mabuti ya mpira na benchi. Meza ilikuwepo, lakini alisema hiyo ni ya kuwekea chupa ya chai. "Mtu aliyeumia ukimweka mbele ya meza atajibu maswali," alisema. "Ukikaa naye benchi moja atakusimulia." Benchi lenyewe lilikuwa limepinda katikati, hivyo watu wawili wakikaa wanasogeleana wapende wasipende. Nasikia Adamu amelipeleka kwa fundi likanyooshwe. Adamu, mwanangu, mwambie fundi alirudishe lilivyokuwa.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa kijana wa bodaboda, mkono kwenye plasta, amegongwa na gari la mkaa njia ya Kayanga. Alitaka kitu kimoja tu: wakili mkali. Nikamwuliza, mkali kwa namna gani? "Anayefoka," akasema. Mjini tulikuwa naye mmoja wa aina hiyo, na kijana hakutaka kusikia jina jingine. Basi akaenda. Wakili akafoka kweli. Alimfokea karani, akamfokea polisi, na siku alipokosa wa kumfokea akamgeukia mteja wake mwenyewe. Kijana akarudi kwetu na mkono umeshapona, amenywea, akasema, "Kaka Salimu, sasa nitafutie mpole." Ma Paskazia alikuwa anamenya ndizi za mchana nyuma ya ofisi. Bila hata kuinua kichwa akasema mbwa mkali analinda nyumba vizuri, lakini hajui kuandika barua. Tukampa kijana wakili wa pili, na shauri lake likaanza upya.

Mambo mengi nilijifunza kwa kukaa kimya karibu na mama yule, na kwangu kukaa kimya ni kazi ngumu. Watu wetu wanaipenda ile methali ya mchagua jembe si mkulima, na wakipata ajali wanaihamishia kwa mawakili: wa kwanza kujitokeza ndiye huyo huyo. Ma Paskazia hakuikubali hata kidogo. "Aliyeitunga hakulima Karagwe," alisema. "Mimi nimemwona baba yangu dukani, analigonga jembe kwa kucha na kulisikiliza, mpaka mwenye duka anachoka." Kwa hiyo baada ya yule kijana hakuna majeruhi aliyetoka kwake kabla ya kuonana na wakili zaidi ya mmoja. Alimfundisha kuuliza: leseni yako ni ya mwaka huu? Kesi yangu utaishika mwenyewe au utampa mwingine? Tukishindwa, itakuwaje? Wakili mzuri hakasiriki akiulizwa. Anayekasirika, unamshukuru kwa muda wake unaondoka. Anayekutajia siku utakayolipwa, unaondoka hata bila kushukuru.

Jambo moja alinikataza kabisa. "Usimpeleke mtu kwa wakili aliyekununulia soda." Na mimi soda naipenda. Nimejinunulia mwenyewe miaka yote hii, na nanyi mjinunulie.

Nimeona watu wakichagua kwa macho, nikakoma kushangaa. Mzee mmoja wa Kiruruma alimchagua wakili kwa sababu ya gari lake, jeupe, vioo vyeusi. Kumbe gari lilikuwa la shemeji, na siku shauri lilipotajwa shemeji alikuwa na safari yake. Wengine walinaswa na vishoka, wale wenye suti na mhuri lakini uwakili hawana. Kishoka unamkuta wodini kabla ya ndugu, ana pole nyingi, na nimewahi kumkuta mmoja anamlisha mgonjwa uji. Zamani ilibidi nipande basi mpaka Bukoba kuulizia kama mtu ni wakili kweli. Siku hizi unaangalia kwenye simu, orodha ya mawakili iko wazi kwa kila mtu. Tumieni simu hizo kwa jambo hilo pia.

Sasa nije kwa Ma Kokushubira, maana najua ndicho mnachosubiri. Jesca alishamsikia akinitania sokoni na akataka kujua imekuwaje.

Ma Kokushubira ni mjane wa Isingiro, kule Kyerwa. Ana kibanja kizuri, migomba imezunguka nyumba na chini yake kuna kahawa aliyoipanda na marehemu mumewe mwaka waliooana. Alikuwa mchezaji ngoma anayealikwa kwenye harusi asizozijua, ili tu watu waone mabega yale. Siku hiyo alikuwa anatoka kwenye harusi moja, anatembea pembeni ya barabara na mwavuli wake. Nyuma yake ikaja pikapu ya Deo, mnunuzi wa ndizi, kijana ambaye baba yake wa ubatizo alikuwa huyo huyo marehemu. Pembeni ya barabara mtu alikuwa ameanika kahawa yake kwenye mikeka. Deo akaona gurudumu linaikaribia kahawa, na mtu wa kwetu hakanyagi kahawa ya mwenzake. Akaikwepa, akamgonga mama yake wa ubatizo.

Kahawa haikuguswa hata punje. Mguu wa Ma Kokushubira ulivunjika chini ya goti.

Polisi walikuja wakapima barabara. Deo akakiri mahakamani, akalipa faini. Kisha akaja kwa mama yake huyo wa ubatizo, yeye na mjomba wake na mzee wa kanisa, wamebeba kibuyu cha rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Hapa niwaeleze ninyi mliotoka mbali. Mimi Mswahili kahawa naijua ya kunywa, chungu, kwenye kikombe kidogo. Huku tunda la kahawa linachemshwa na kukaushwa, mgeni anakaribishwa kwalo. Ndani ya ganda moja zimo punje mbili zimelala kifua kwa kifua. Katika ukoo ule, waliokoseana wakipatana wanapasua tunda moja, punje hii yako, punje hii yangu, wanatafuna. Baada ya hapo, atakayelirudia jambo lile ndiye mbaya. Deo na Ma Kokushubira walitafuna, wakalia, wakanywa rubisi. Kila mtu akaona shauri limekwisha. Serikali imepata faini yake, kijiji kimepata kahawa yake, ila mguu haukupata kitu.

Mguu ukaunga vibaya. Daktari akasema uvunjwe upya na kuwekwa vyuma Mwanza, na usikawie, la sivyo ndio utakuwa huo huo hadi kufa. Ndugu wakakaa kikao. Shemeji yake, Ta Rwechungura, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, alisema dawa ni moja: kuuza kibanja cha chini, ile sehemu yenye kahawa ya ndoa. Hakuwa na ubaya, mzee wa watu, alikuwa hana njia nyingine. Mnunuzi akaja, akatembea mle na kupanda miche ya mpaka hata kabla ya kulipa. Mama akilala kitandani anaiona dirishani. Ndipo jirani mmoja akaja kituoni kunieleza, nikavaa mabuti.

"Shikamoo Ma," nikasema.

"Marahaba, Mswahili. Umekuja kunitazama au kunitafutia kesi?"

"Kukutazama kwanza."

"Basi tazama." Akainua kitenge. Mguu uliangalia upande, wallahi, nikaona uchungu mwilini mwangu. Yeye akauangalia kama mtoto mtukutu. "Huu unataka kwenda Rwanda," akasema, "na mimi nataka kwenda jikoni. Hatuelewani."

Nikamwambia kuna haki ya kudai fidia, na fidia hiyo ingeweza kulipia Mwanza bila kuuza kibanja. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanionyesha kikapu kwenye meza. "Nilitafuna na Deo," akasema. "Nikimpeleka kwa wakili leo, mume wangu ataniuliza nini huko aliko?" Nikasema mguu je? Akasema mguu ni mguu, neno ni neno. Kisha akageuka ukutani, na kwa mara ya kwanza nikamwona analia. Alikuwa anaipenda ile kahawa ya chini, na kucheza alikuwa anakupenda pia, na alijiona lazima apoteze kimoja ili asipoteze neno lake. Nilirudi Omurushaka nimenyong'onyea.

Lakini Ma Paskazia, wakati huo mzee sana na amestaafu tena kwa mara ya pili, aliniambia nisibishane na mgonjwa. Nimpelekee mawakili awasikilize. Kusikiliza si kushitaki. Ma Kokushubira akakubali kwa sharti kwamba waje kwake, kwa sababu mguu ulikuwa haujakata tiketi.

Wa kwanza alitoka Bukoba, wakili mkubwa, bingwa wa kesi za ajali, na niseme kweli, hodari. Alikaa, akaeleza sheria ikaeleweka. Ma Kokushubira akamsogezea kikapu, wakili akasema samahani, ana vidonda vya tumbo. Akaelezwa habari ya kutafuna. Akasema kwa upole kwamba hayo ni mambo ya kimila na mahakama haiyatambui, mama asiwe na wasiwasi. Alipoondoka nikamwuliza mama anaonaje.

"Msomi," akasema. "Lakini hajaniuliza mguu unauma wapi."

"Si daktari, Ma."

"Na mimi si mguu tu."

Wa pili alikuja na Ta Rwechungura, ambaye alikutana naye stendi. Suti ya kijivu, viatu vimechongoka, na alimwita kila mtu "mteja wangu" pamoja na mbuzi aliyekuwa mlangoni. Alisema pesa ingekuwa mkononi ndani ya muda mfupi sana. Mama aweke tu kidole gumba kwenye karatasi ambazo zingejazwa baadaye, na aseme dereva alikuwa amelewa.

"Deo hakuwa amelewa," Ma Kokushubira akasema. "Aliyekuwa na rubisi kichwani ni mimi, natoka harusini."

"Hilo tusiliseme, mteja wangu."

Nikamwomba namba yake ya uwakili niiangalie kwenye simu. Akajipapasa mifuko yote, akasema ameiacha kwenye koti lingine. Nikamwambia hatuna haraka, koti tutalisubiri. Akatoka nje kupiga simu, tukasikia bodaboda inawaka. Ta Rwechungura alikaa ameshika tama, kisha akaanza kucheka mwenyewe, kicheko cha mtu aliyenusurika. Kuanzia siku ile akawa upande wetu.

Wa tatu alikuwa Wakili Jovitha, binti wa Kiruruma mwenye ofisi Kayanga. Mwembamba, sauti ya chini, ukimwona hudhani anaweza kumfokea hata kuku. Mvua ilikuwa imenyesha, gari likakwama, akaja amevaa mabuti kama yangu na viatu vyake kwenye mfuko. Akapiga goti kidogo kumsalimia mama kwa Kinyambo, akaketi, akachukua punje ya kikapuni akatafuna. Akauliza mguu unauma wapi, unauma wakati gani, usiku analalaje. Ilichukua muda. Mimi nilishaanza kuona njaa.

Kisha akauliza habari ya upatanisho. Hakucheka wala hakusema mila. Alitaka kujua nani alikuwepo.

"Deo mwenyewe," Ma Kokushubira akasema. "Mjomba wake. Mzee wa kanisa."

"Na kampuni ya bima ilimtuma nani?"

"Bima gani?"

"Ya ile pikapu, Ma. Kila gari linalotembea barabarani lazima liwe na bima, angalau ile ndogo, kwa ajili ya watu litakaowaumiza. Deo analipa kila mwaka. Wao ndio wenye deni la mguu wako. Sasa nauliza, walikuja hapa? Walitafuna?"

Ma Kokushubira alimtazama, akakitazama kikapu, akanitazama na mimi kana kwamba nilikuwa nimemficha. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaushika mguu kwa maumivu, na bado anacheka, machozi yanamtoka. "Ee waitu," akasema, "bima haijatafuna."

Hapo ningedhani kazi imekwisha. Jovitha hakuiacha iishe. Alimshika mama mkono, akamwambia, "Nisikufiche. Kwenye karatasi jina la Deo litaandikwa, kwa sababu bima inalipa kwa kosa lake. Pengine wataelewana nasi mapema, pengine tutafika mahakamani. Na siwezi kukuahidi ushindi. Ndiyo maana nataka tumuulize Deo kwanza, yeye mwenyewe, kabla hujaweka sahihi popote." Nawaambieni, nimekaa na mawakili wengi, na wale wanaokwambia ubaya wa jambo wakati wewe umeshafurahi ni wachache. Nilipomwangalia Ma Kokushubira nikajua ameshachagua.

Deo tulimkuta Omurushaka anapakia ndizi. Alipotuona na wakili aliangusha mkungu. Alidhani tumekuja kuichukua pikapu. Jovitha akamwonyesha stika ya bima kwenye kioo chake mwenyewe na kumweleza ni ya nini. Yule kijana aliikodolea macho kama hajawahi kuiona.

"Mimi miaka yote nilidhani ni ya trafiki," akasema. "Ya kuwaonyesha wasinisimamishe."

Msimcheke. Nusu ya madereva wa wilaya hizi mbili wanadhani hivyo hivyo. Deo akauliza kama akisema ukweli wote, kwamba aliikwepa kahawa bila kuangalia pembeni, mama atatibiwa. Jovitha akasema hilo ndilo litakalosaidia zaidi. Deo akavua kofia, akasema twendeni. Tulikwenda naye Isingiro jioni ile ile, na Ma Kokushubira akapasua tunda lingine, wakatafuna upya, mbele ya wakili, mbele ya Ta Rwechungura, ili neno la kwanza lijue kwamba dai hili ni la bima na halimhusu Deo. Sijui sheria inasemaje kuhusu hilo. Mimi niliona limekaa sawa.

Barua zikaanza kwenda na kurudi. Jovitha alikuwa haoni aibu kuuliza. Pale alipokwama alimpigia simu yule wakili mkubwa wa Bukoba, kumbe ndiye aliyemfundisha kazi, na mzee yule akamwongoza bila kinyongo chochote. Kwa hiyo mama alimchagua mmoja akapata wawili. Kampuni nayo mwanzoni ilikuwa nzito. Hatimaye wakamtuma mtu wao kutoka Mwanza kuja kuona mguu na barabara kwa macho yake. Jina lake Frenki, kijana mstaarabu, shati limenyooshwa, na safari ilikuwa imemchosha.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo shauri lote lilipotaka kuharibika. Frenki akakaribishwa kiti. Akampa mama pole, pole ya kweli. Mjukuu wa jirani, kwa adabu aliyolelewa nayo, akachukua kikapu cha kahawa akakiweka mbele ya mgeni. Frenki akatabasamu, akanyoosha mkono. Jovitha akanitazama. Mimi nikamtazama Deo, aliyekuwa amekuja kutoa maelezo yake. Sote watatu tulikuwa tunafikiri jambo lile lile: huyu ndiye bima, na akitafuna na mama, mama atasema yamekwisha, na akishasema hakuna wakili wala jaji atakayemgeuza. Mwanza imekwenda, kahawa ya chini imekwenda. Na hakuna kati yetu aliyeweza kumnyima mgeni kahawa ndani ya nyumba isiyo yake.

Mkono wa Frenki ulikuwa umeshafika ukingoni. Ma Kokushubira akainama kutoka kitandani, na mguu ule ule, akakivuta kikapu polepole mpaka mapajani kwake.

"Wewe bado, mwanangu," akamwambia kwa upole wote. "Utatafuna tukimaliza."

Frenki alibaki na mkono hewani. Alidhani ni desturi, na kweli ilikuwa desturi. Mama akaagiza mgeni aletewe chai ya maziwa na ndizi za kuchoma, akala akashiba, kisha Deo akamtembeza barabarani na kumwonyesha mahali alipokosea, hatua kwa hatua, bila kujipunguzia. Njiani kurudi Frenki aliniuliza pembeni alikuwa amemkosea nini mama. Nikamweleza. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi nitajitahidi nile hiyo kahawa."

Na alijitahidi. Hawakufika mahakamani. Walipatana kwa maandishi, Jovitha akasoma kila mstari kwa Kinyambo kabla mama hajatia sahihi, na mama akamsomesha mistari miwili mara ya pili kwa sababu haikumpendeza. Ikabadilishwa. Bima ikalipa, mguu ukaenda Mwanza, ukavunjwa na kuunganishwa vizuri. Miche ya mpaka Ta Rwechungura aliing'oa kwa mikono yake mwenyewe, akaihamishia nyuma ya choo kuwa uzio. Frenki alirudi kwa gharama zake siku ya Jumamosi, akapewa punje yake. Alikunja sura, ile kahawa si ya kila mtu, lakini aliimeza, na Ma Kokushubira akampigia vigelegele akiwa amekaa kitini.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka kadhaa na nilishika mashauri mengi. Mengine yalikwenda vibaya, mengine mnayo mezani kwenu sasa. Kila niliposhindwa kumsoma wakili nilijiuliza swali la Isingiro: ameuliza mguu unauma wapi? Nanyi mjiulize. Sheria ataisoma usiku kama hajui. Hilo lingine halisomwi.

Jambo moja lilinikaa rohoni. Ma Kokushubira alitafuna na Deo, na Jovitha, na Frenki, hata na yule wa Bukoba alipopona vidonda vyake. Mimi hakuwahi kunipa. Kila nilipopita Isingiro nilipewa chai, nikapewa ndizi, nikapewa na senene wa msimu, lakini tunda la kupasuliwa sikupewa. Nilijiambia ni kwa sababu mimi Mswahili. Niliumia kidogo, nakiri, ingawa sikusema.

Basi siku ya kuniaga mlikuwepo. Mnakumbuka ngoma ilivyokuwa imekolea uwanjani, Adamu anatoa jasho, Jesca anagawa soda. Nami nimekaa kwenye benchi langu lililopinda, nimepewa shada, najiona kama bwana harusi mzee. Nikamwona Ma Kokushubira anakuja kutoka stendi. Hakupanda bodaboda. Alitembea, na mkongojo mkononi ambao hakuuegemea sana, miguu yote miwili inaelekea upande mmoja. Akaketi kando yangu, benchi likatusogeza.

"Shikamoo Ma."

"Marahaba. Wasema umemaliza kazi?"

"Nimemaliza."

"Haya." Akafungua kanga, akatoa tunda moja, akalipasua kwa meno. "Nilikuwa nakusubiri. Nisingeweza kutafuna nawe wakati bado nilikuwa nakuhitaji." Akanipa punje yangu, akaweka yake mdomoni. Niliitafuna. Ilikuwa chungu, na nilishindwa kusema neno, jambo ambalo Ma Paskazia, Mungu amrehemu, angelipa kuliona.

"Sasa mimi na wewe tumekwisha," akasema, akainuka. "Hata nikikugonga na mkongojo huu, huna kesi."

Nilipopata sauti nikamwuliza kama mkongojo wenyewe una bima.

"Ndogo," akasema. Akanigonga nao begani, taratibu, akaniachia niushike, akaingia kwenye ngoma.